Ua wangu Iganzo: bei tatu, milioni 4.3, milioni 7.95 na milioni 13.8. Ipi ya kweli, na kibali natakiwa kuchukua mimi au fundi?

MwalimuWaIganzo · 7 Septemba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za kazi.

Nina nyumba Iganzo hapa Mbeya, upande ule ambao ukifungua dirisha la nyuma unaona mlima Loleza tu, mbingu unaitafuta. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuhamie. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, nyumba imechukua kama mita za mraba 140, na chote kimeinama kuelekea barabarani. Tulipima kwa mpira wa maji na fundi aliyenijengea: kutoka ukuta wa nyuma hadi getini, tofauti ni mita tatu kasoro kidogo. Wakati tunanunua niliona ni sifa, nikawa nawaambia ndugu kwamba kwangu mji wote unauona ukiwa umekaa.

Machi iliyopita, usiku wa mvua kubwa, nikasikia kitu kinasukuma mlango wa jikoni kwa chini. Nikadhani paka wa jirani. Kufungua, tope likaingia bila hodi, likapita chini ya meza, likazunguka jiko la gesi kama linalijua, likatokea sebuleni. Kandambili za mwanangu tuliziokota asubuhi getini. Mume wangu ni dereva wa malori, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpaka, kwa hiyo kazi ya koleo ilikuwa yangu na watoto mpaka saa kumi alfajiri. Saa moja na nusu nikawa darasani nafundisha maumbo ya mche na piramidi huku kucha zina udongo.

Sasa nimepata kamkopo ka chama chetu cha kuweka na kukopa na nataka nimalize nje kabla mvua hazijaanza Novemba. Nimeita watu watatu.

Wa kwanza ni fundi wa bustani kutoka Mwanjelwa. Alitembea dakika kumi, akasema milioni 4.3: pevingi (vitofali vya kutandika chini) mbele mita za mraba 90, majani pembeni, maua kwenye ukuta. Hakwenda nyuma kabisa. Wa pili kijana mstaarabu, ana mchoro kwenye kishikwambi unaoufanya uwanja wangu ufanane na hoteli ya Zanzibar. Milioni 7.95, kuna chemchemi ya maji na taa za kwenye majani. Wa tatu ni kampuni, wana ofisi ghorofani, walikuja na fulana zinazofanana. Milioni 13.8, na kweli hao ndio pekee waliotaja ukuta wa kuzuia udongo nyuma, mita 18. Lakini karatasi yao ina mstari mmoja tu: "kazi zote za mandhari ya nje". Wanataka asilimia 70 mkononi ndipo waanze.

Nilipomuuliza yule kijana kama amesajiliwa, akanionyesha leseni ya biashara. Nikavaa miwani. Imeandikwa duka la vifaa vya umeme.

Naomba msaada wa watu waliofanya hii kazi au waliofanyiwa. Bei halali ni ipi? Mtu wa bustani anatakiwa awe na karatasi gani? Na je, nahitaji kibali cha Jiji kwa kupanda majani na kujenga kaukuta? Jirani mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema nikienda kuuliza ndiyo nitakuwa nimejichongea.

---

KijanaWaTabata · 7 Septemba

Mwalimu usijisumbue. Mwaga pevingi uwanja wote, pembeni weka majani ya Paspalum, maji yatatoka yenyewe. Mimi kwangu hapa Dar nilifanya hivyo na sijawahi kuona tope. Milioni nne inatosha kabisa.

---

FundiMtaro · 7 Septemba, usiku

Mwalimu, ugonile. Mimi niko Uyole, kazi yangu ni hiyo hiyo, mawe na maji. Kabla ya kurudi nyumbani nimefanya Dar miaka sita na Dodoma miaka minne, kwa hiyo nitaanza na ndugu yangu wa Tabata, maana alichosema si kibaya, ila ni cha kule.

Dar na Dodoma mteja anapigana na jua. Dodoma nilikuwa natandika pevingi asubuhi, saa nane mchana mtoto hawezi kukanyaga peku. Mteja wa kule anataka kivuli, anataka mpira wa kumwagilia, na anataka majani yanayovumilia maji ya kisima yenye chumvi, ndiyo sababu Paspalum inapendwa. Pesa nyingi kule inakwenda kwenye kuleta maji. Huku kwetu pesa inakwenda kwenye kuyafukuza. Ukisakafia kiwanja chote cha Iganzo kilichoinama mita tatu, umetengeneza bati la pili. Maji ambayo yangezama ardhini yatakuja yote mlangoni, tena kwa kasi.

Wewe ni mwalimu, na umetaja piramidi kwa hiyo nadhani ni hisabati. Fanya hili zoezi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati lako mita 140. Mvua ya milimita 40, ambayo hapa si ya kushangaza, inakupa lita 5,600 kutoka kwenye paa peke yake. Hilo ni tangi la lita 5,000 limejaa na kumwagika, na bado hujahesabu uwanja, na bado hujahesabu cha jirani wa juu. Hebu tuambie, jirani wa juu yukoje?

Ndiyo maana fundi ambaye hakwenda nyuma ya nyumba mwondoe kwenye hesabu hata kama ana roho nzuri. Na huyo wa chemchemi anakuuzia maji wakati wewe unayo.

Sasa bei. Hizi ni za daftari langu la kazi za karibuni, mtu wa mtaa mwingine anaweza kuwa na zake. Ukuta wa mawe mita 18, kimo mita moja na nusu, chini unene sentimita 90, juu 50. Ukichukua wastani wa 70 ni mita za ujazo 18.9. Ongeza msingi wa upana wa mita moja na kina cha nusu mita, mita za ujazo 9. Jumla 28 hivi. Mawe tripu saba za Fuso kwa 120,000, hiyo ni 840,000. Saruji mifuko 60 kwa 17,000, 1,020,000. Mchanga tripu mbili 260,000. Ufundi mita ya ujazo 35,000, 980,000. Mabomba ya kutolea maji na kokoto za nyuma ya ukuta weka 150,000. Umefika 3,250,000.

Mtaro wa mawe kutoka nyuma, upite ubavuni, hadi barabarani, mita 32 kwa 28,000 ni 896,000. Pevingi weka njia ya gari tu na kibarazani, mita za mraba 40, vitofali na kutandika 26,000 kwa mita, 1,040,000. Sehemu ya palipobaki panda nyasi za kikuyu, asili yake ni nyanda za juu kama hizi na baridi ya Juni haiziui. Mita 150 za vipande kwa 2,500, ni 375,000, na hiyo kazi watoto wanaweza. Ila zikatie mpaka wa matofali, kikuyu haina adabu, itaingia kwenye maua na mchicha.

Jumla 5,561,000. Kwa hiyo milioni 13.8 si lazima wawe wezi, labda wameweka vitu hukuviona. Waombe wachanganue kila kitu kwa kipimo na bei. Mtu anayejua kazi yake atakuletea siku mbili.

Jambo la mwisho, nisamehe kwa urefu. Mabomba ya kutolea maji usikubali yarukwe. Nchi tatu, kila mita moja na nusu, na nyuma yake kokoto, si udongo. Niliitwa kuona ukuta Nsalaga, mzuri, umepigwa na rangi. Katikati umetoa tumbo kama mama wa miezi minane. Nikagonga kwa nyundo nikatoboa tundu moja, maji yakaruka hadi kwenye viatu vyangu, na ilikuwa Julai! Mvua ilikatika Mei, maji yalikuwa bado yamekaa humo ndani yanasukuma.

---

KamweneGangilonga · 8 Septemba

Kamwene kutoka Iringa. Mama, mimi nakuja kwenye hiyo asilimia 70 tu. USITOE.

Mwaka juzi nilitoa asilimia 60 kwa mtu aliyeletwa na shemeji yangu. Akachimba. Alichimba vizuri, sina lawama. Tarehe 19 Desemba akasema anakwenda kijijini kuhesabiwa Krismasi, na nadhani bado wanamhesabu. Nikabaki na mashimo manane, wageni wanakuja sikukuu, bibi yangu mzaa mama ilibidi ashikwe mikono miwili kama bi harusi kupita uwanjani kwangu. Polisi wakaniambia hayo ni madai, nenda Mahakama ya Mwanzo. Nilikwenda. Kitu cha kwanza nilichoulizwa ni mkataba, nami nilikuwa na ujumbe wa simu unaosema "bosi tayari nimeipokea, Mungu akubariki".

Lakini kinachoniuma zaidi ni mawe. Wanaojua Gangilonga wanajua, huku mawe ndiyo wenyeji, sisi wapangaji. Huyo bwana alinitoza 400,000 kuondoa mawe kiwanjani. Wiki mbili baadaye ananiambia tununue mawe ya ukuta. Yakaja. Nikaliona moja lina rangi ya bluu, rangi ya geti langu, nililimwagia mwenyewe nikipaka. Nilimlipa ayaondoe, kisha nikayanunua.

Kwa hiyo ukiwa na mawe kwenye kiwanja, yahesabu, yapige picha. Malipo yangu siku hizi: nanunua vifaa mwenyewe, ufundi nalipa kwa hatua. Msingi umetoka ardhini, lipa. Ukuta umefika nusu, lipa. Asilimia kumi ya mwisho nabaki nayo mpaka mvua mbili zipite. Fundi aliyekataa sharti hilo nilimpa soda na nauli.

---

KijanaWaTabata · 8 Septemba

Hilo jiwe la bluu 😂😂 pole mkuu. Mwalimu nimeelewa, narudisha pevingi zangu.

---

MkaguziMstaafu · 8 Septemba

Mwalimu, mimi nilikuwa mkaguzi wa majengo kwenye halmashauri, sasa nafuga kuku. Swali lako la karatasi halijajibiwa, na wengi wanalichanganya, hata mafundi wenyewe. Kuna karatasi tatu na kila moja ina mwenyewe.

Leseni ya biashara kama hiyo ya duka inatolewa na halmashauri, siku hizi mtu anaiomba kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, na lazima awe na TIN, namba ya mlipakodi. Inaonyesha kwamba huyu mtu anafanya biashara fulani na analipa ada. Haisemi kwamba anajua kujenga. Ya duka la vifaa vya umeme inamruhusu kuuza balbu, basi. Usajili wa ukandarasi ni wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ile CRB, iliyowekwa na sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Wao wanasajili kwa fani na kwa daraja, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi moja. Daraja la saba ndilo la chini kwa majengo. Kampuni ikikuambia imesajiliwa, omba namba na cheti cha mwaka huu, halafu peleka jina Bodi ukahakikishe. Ni bure kuuliza, na mtu aliyesajiliwa kweli haoni haya kuulizwa. Hao wa milioni 13.8 ningeanza nao hapo.

Kibali cha ujenzi, hicho ni chako wewe mwenye kiwanja. Fundi akikuambia "kibali niachie mimi" anaweza kukusaidia kubeba faili, lakini jina lililoandikwa pale ni lako, na alama ya X nyekundu ya kubomolewa ikichorwa inachorwa kwenye ukuta wako.

Majani, maua, mti, kuta za matofali mawili kuzunguka bustani, njia ya miguu: sijawahi kumsumbua mtu. Uzio, banda, ukuta unaobeba udongo, hivyo ni ujenzi chini ya sheria ya mipango miji ya 2007 na kanuni zake. Ukuta wa mita moja na nusu wenye mlima nyuma yake mimi ningetaka kuona mchoro wenye saini ya mhandisi, na ningekuwa natafuta kitu kimoja tu kwenye mchoro huo, hayo matundu ya maji aliyosema Fundi. Utahitaji pia nakala ya hati au barua ya toleo, risiti ya pango la ardhi, na malipo kwa kontro namba. Usimpe mtu yeyote pesa taslimu mkononi ya kibali, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Halafu huo mtaro. Ukifika barabarani unaingia kwenye mali ya mwingine. Barabara za mitaa ni za TARURA, barabara kuu kama hii ya Zambia ni ya TANROADS, na hifadhi yake ni mita 30 kutoka katikati kila upande. Ukitaka kumwaga maji kwenye mtaro wao au kuweka karavati getini, waandikie. Kama kuna kijito karibu, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni bila shughuli ya kudumu. Wengi Mbeya wanavifunika vijito kwa kifusi wakati wa kiangazi, kijito kikirudi kwake wanasema mafuriko.

Kuhusu kujichongea. Nimefanya kazi ile miaka mingi, aliyekuja kuuliza mapema alirudi nyumbani na fomu. Aliyejenga Jumamosi na Jumapili usiku kwa taa za gari ndiye tuliyemfuata. Na kwa watu wanaokaa chini ya milima hapa Mbeya, Aprili 2024 haiko mbali. Tope liliposhuka mlima Kawetere likafukia nyumba Itezi, hakuna aliyekuwa anauliza kibali.

---

MwalimuWaIganzo · 10 Septemba

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili na kalamu nyekundu, mazoea.

Hesabu ya lita 5,600 nimewapa kidato cha pili leo. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hayo maji ni ya nyumbani kwako?" Nikamwambia kaa chini.

Jirani wa juu. Fundi umepiga pale pale. Mzee alijaza kifusi kiwanja chake ili kiwe sawa, akajenga ukuta, akaacha tundu la maji. Tundu linatazama mlango wangu wa jikoni kama limepimwa kwa bunduki. Sijawahi kumwambia kwa sababu ni mzee wa kanisa letu na alitupa umeme kwa waya wakati tunajenga. Kwa hiyo nina ugumu ambao si wa saruji.

Kampuni nimewaandikia kuomba mchanganuo na namba ya CRB. Wamejibu "mama tutakutumia wiki ijayo".

---

FundiMtaro · 10 Septemba

Kwa mzee usiende na lawama, nenda na mume akiwepo, na uende na mchoro. Mwambie unajenga mtaro na unataka maji yake yapate njia, naye ahamishe tundu mita nne tu pembeni lidondoke kwenye mtaro wako. Hapo amesaidiwa, hajashtakiwa. Ikishindikana ndiyo mwenyekiti wa mtaa.

Na kabla hujanunua jiwe lolote chimba shimo nyuma, upana na urefu sentimita 30, kina 60. Niambie unaona udongo gani. Kisha lijaze maji usiku, asubuhi lijaze tena, upime linashuka kiasi gani kwa saa.

---

MwalimuWaIganzo · 14 Septemba

Shimo limechimbwa na mwanangu wa kiume, kwa malipo ya chipsi mayai.

Juu kuna udongo mweusi kama sentimita 20. Chini yake kuna kitu cha ajabu, cheupe kijivu, chepesi, ukikishika ni kama majivu yenye punje, punje nyingine zinaelea ukizitia kwenye kikombe. Sentimita 45 kwenda chini ni mfinyanzi mwekundu unaong'aa ukipitisha koleo. Maji nilipima kwa rula ya darasani: saa ya kwanza yalishuka haraka haraka. Yakafika kwenye mfinyanzi yakakaa. Saa ya pili sentimita moja na nusu, ya tatu hata moja halikutimia.

---

FundiMtaro · 14 Septemba

Safi sana, umejibu swali la milioni tano kwa chipsi mayai.

Hayo majivu ni ya volkeno, milima ya upande wa Rungwe iliyatema zamani, Uyole kote yapo. Maji yanapita humo kama kwenye chujio, yakifika kwenye mfinyanzi yanateleza juu yake kwenda chini ya mteremko, yaani kwako. Kwa hiyo shimo la kuzamisha maji halitakusaidia, litajaa na kubaki hivyo. Msingi wa ukuta lazima uvuke majivu ukakae ndani ya mfinyanzi, na mtaro wa nyuma uwe na kina cha kufikia pale maji yanapoteleza. Msingi wa nusu mita niliokupigia hautoshi, fanya sentimita 80. Ongeza kama 5.4 mita za ujazo, bei itapanda laki sita hivi.

Au kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda. Badala ya ukuta mmoja wa mita moja na nusu, kata ngazi mbili za sentimita 75. Kila mmoja unabeba mzigo mdogo, katikati unapata kitalu cha upana wa mita mbili cha kupanda. Wamatengo kule Mbinga wanalima kwenye miteremko mikali kwa mashimo ya ngoro, maji yanasimama kila hatua chache, hayapati nafasi ya kushika kasi. Ni akili ile ile. Ukingoni panda nyasi za vetiva, mizizi yake inakwenda chini badala ya kutanda. Muonyeshe mhandisi zote mbili, yeye ndiye atakayetia saini.

---

MkaguziMstaafu · 15 Septemba

Ngazi mbili ni nzuri, lakini Mwalimu, usidanganyike kwamba ukigawanya ukuta umekwepa kibali. Kuna watu walinijaribu kwa hesabu hiyo.

---

MwalimuWaIganzo · 26 Oktoba

Taarifa kwa waliouliza.

Mhandisi kachagua ngazi mbili. Mchoro na saini 350,000, sikupenda, nikalipa. Kibali nimepeleka mwenyewe, nimerudishwa mara moja kwa sababu risiti ya pango la ardhi ilikuwa ya mwaka jana, mara ya pili kikapita. Kampuni ile wiki yao ijayo haijafika bado. Kijana wa chemchemi alipiga simu kusema anaweza kushuka hadi milioni sita, nikamuuliza maji yangu ya nyuma yatakwenda wapi, akasema "hayo ni ya kandarasi nyingine".

Kazi anafanya fundi mawe wa hapa hapa mtaani, aliyeonyeshwa mchoro akauliza maswali matano, matatu yakiwa ya maji. Mkataba tumeandikiana kwa mwenyekiti wa mtaa, malipo hatua nne na asilimia kumi ya mwisho, asante Iringa. Alisita kidogo kwenye "mpaka mvua mbili zipite", akauliza, zikichelewa je? Nikamwambia basi sote tutasali.

Mzee wa juu tulikwenda na mume wangu na mchoro. Akautazama muda mrefu, akavua miwani, akasema, "Mama, kumbe lile tundu linakuja kwako? Mimi nilijua linakwenda mtaroni." Hakuna mtaro! Haujawahi kuwepo. Akahamisha tundu kwa fundi wake, kwa pesa yake, na akaleta mahindi mabichi.

Mpaka leo nimetumia 4,870,000, pevingi bado na nyasi bado. Nimekata pevingi hadi mita 25, watakaokuja na gari wapaki nje.

---

MwalimuWaIganzo · 23 Novemba

Imenyesha jana kuanzia saa nne usiku. Nilisimama mlango wa jikoni na tochi, na koti la mume, watoto nyuma yangu kama tunasubiri mwizi. Mabomba ya ngazi ya juu yalianza kutoa baada ya nusu saa, moja moja, kwanza la kushoto. Maji meupe kama ya kuoshea mchele. Mtaro ulijaa hadi robo tatu ukapiga kona ubavuni, pale kwenye kona ukamwagika kidogo kwenye uchochoro wa kamba za nguo. Jikoni pakavu.

Fundi wangu alikuja saa moja asubuhi bila kuitwa, akaitazama kona, akasema ataiongezea tofali mbili kwa gharama yake. Mvua moja imepita, bado moja.

Sasa naomba la mwisho. Mume wangu amepita Tukuyu na lori, amerudi na miche mitano ya parachichi aina ya Hass, anataka yote ikae kwenye kile kitalu cha katikati ya kuta. Mimi nina wasiwasi. Fundi unasemaje?

---

FundiMtaro · 23 Novemba

Kwenye kitalu hapana hata mmoja. Mzizi wa mparachichi ukikaa kwenye maji unaoza, na pale maji ndipo yanapopita. Ukinusurika utakua usukume ukuta. Panda miwili mbele, juu ya kilima cha udongo cha kufika gotini, mita sita kutoka ukutani na sita kati ya mmoja na mwingine. Mitatu mpelekeeni mzee wa juu.